Wasanii wa Kisovieti nje ya mstari wa chama: walibanwa kwa sheria gani?

Turubai_Tupu
Wakuu, salaam. Kila makala kuhusu wasanii hawa inasema "walipigwa marufuku", kisha inaishia hapo. Marufuku yenyewe ilikamata wapi: kuchora, kuuza au kuonyesha? Na wanaobanwa Urusi leo, njia ni ileile?

Fundi_Rangi
Mkuu, hakukuwa na kifungu kinachosema ukichora picha dhahania unafungwa. Walibanwa kwenye riziki. Azimio la Aprili 23, 1932 lilivunja vikundi vyote vya wasanii, na Umoja wa Wasanii ukawa mlango wa kupata studio, vifaa na kazi za serikali. Ukiwa nje ya mlango huo, kuchora kwako hakuhesabiki kuwa ajira. Tangu 1961 asiye na ajira alihesabika kupe, yaani mtu anayeishi kwa jasho la wengine, na mahakama iliweza kumhamishia mbali kwa miaka 2 hadi 5.

Ndiyo maana wachoraji wa Moscow Ilya Kabakov na Erik Bulatov walichora vitabu vya watoto: kipato kilitoka huko, na jina likabaki kwenye daftari la wenye kazi. Kazi zao wenyewe walizionyesha nyumbani. Albamu za Kabakov za "Wahusika Kumi" ni karatasi zisizojalidiwa. Alizifungua katika studio yake ya darini, Sretensky Boulevard, akigeuza ukurasa mmoja mmoja mbele ya marafiki. Zikitundikwa ukutani zote kwa mpigo zinapoteza kitu kikubwa, maana ule mwendo wa kusubiri ukurasa ni sehemu ya kazi.

Belyayevo74
Niongezee upande wa kuonyesha, kwa sababu watu huchanganya matukio mawili. Manezh, Desemba 1, 1962, ulikuwa ukumbi rasmi. Khrushchev, kiongozi wa Sovieti, aliingia, akazifokea picha zisizo za mtindo rasmi, na milango iliyokuwa imeanza kufunguka ikafungwa.

Maonyesho ya Buldoza, Septemba 15, 1974, ni jambo jingine kabisa. Mchoraji Oscar Rabin na wenzake walichagua kiwanja kitupu cha Belyayevo, pembeni mwa Moscow, kwa kuwa hakuna kanuni iliyokataza mtu kusimama nje ameshika picha. Wakaiarifu halmashauri ya jiji mapema, nayo haikutamka katazo. Siku yenyewe wakakuta "watu wa kujitolea kupanda miti", mabuldoza, na magari ya kumwagia barabara maji, vyote vimeletwa kuwavuruga. Hesabu ya serikali ilivurugika kwa sababu waandishi wa nje walikuwepo, na baadhi walipigwa. Septemba 29 ikabidi waruhusiwe bustani ya Izmailovo, kwa muda wa saa 4 tu.

Itazame pia "Pasi" ya Rabin: kitambulisho cha Kisovieti kilichokuzwa kikajaza turubai. Penye mahali pa kufia ameandika kwa alama ya kuuliza: chini ya uzio? Israeli? Mwaka 1978, akiwa Paris, alivuliwa uraia.

Kifungu_na_Kipande
Kuhusu leo: rangi zinauzwa, kumbi za watu binafsi zipo. Kinachobana sasa ni kanuni ya adhabu moja kwa moja, na hapo ndipo tofauti ilipo.

Mfano wa kwanza ni "Sanaa Iliyokatazwa 2006", iliyofunguliwa Moscow mwaka 2007. Kazi zilizokuwa zimekataliwa na kumbi nyingine ziliwekwa nyuma ya ukuta wa bandia, mtazamaji akichungulia tunduni. Hata hivyo waandaaji, Andrei Yerofeyev na Yuri Samodurov, walitiwa hatiani Julai 2010 kwa kuchochea chuki, faini rubo 150,000 na 200,000. Yaani hata kuficha hakukuwa kinga.

Machi 2022 kikaja kifungu 207.3, cha "habari za uongo" kuhusu jeshi. Msanii Sasha Skochilenko alibadilisha vibandiko 5 vya bei katika duka moja la St Petersburg, akaweka vingine vya umbo lilelile vyenye maneno dhidi ya vita. Mteja mmoja akatoa taarifa. Novemba 2023 hukumu ikatoka: miaka 7. Alitoka Agosti 1, 2024, katika mabadilishano ya wafungwa.

Turubai_Tupu
Asanteni sana, wakuu. Basi zamani walimnyima msanii ukuta, na sasa wanamfuata hadi kwenye rafu ya duka.

Belyayevo74
Ndiyo, ila usisahau kwamba hata ile ya zamani ililegea kwa vipande. Februari 1975 waliruhusiwa Banda la Ufugaji Nyuki, kwenye VDNKh, viwanja vya maonyesho vya serikali jijini Moscow. Baadaye wakapata chumba Malaya Gruzinskaya 28, chini ya kamati ya wachoraji wa michapisho, na kadi ya kamati hiyo ilimwondolea mtu lile jina la kupe. Kwa wengi kadi ilikuwa na thamani kuliko ukuta wenyewe.