Naomba ushauri: kumwondoa miguu mzuka wa Kijapani jukwaani

Wadau wa maigizo, naombeni ushauri. Mchezo una yurei, mzuka wa Kijapani. Mavazi yako sawa: kimono nyeupe ya maziko, upande wa kulia ukipita juu ya wa kushoto (walio hai hufunga kinyume, na hapo ndipo wengi hukosea), kitambaa cha pembetatu kwenye paji la uso, nywele zimeachiliwa, viganja vimelegea mbele ya kifua.

Kazi iko kwenye miguu. Mchoraji Maruyama Ōkyo (1733–1795) ndiye anayetajwa zaidi kwa kumchora yurei akififia kuanzia kiunoni kwenda chini. Moshi wa mashine hautulii, feni za ukumbi zinautawanya. Pindo refu linaloburuta humwangusha mwigizaji. Je, kitambaa cheusi kuanzia magotini, mbele ya pazia jeusi, kitatosha? Taa ziwekwe pembeni kwa urefu gani zisimulike sakafu?

Pia vimoto vya buluu, hitodama: kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, iliwasha kitambaa kilicholoweshwa pombe kali kwenye ncha ya ufito. Ndani ya ukumbi sitaki moto kabisa. Nani ameshatumia taa ndogo za betri ndani ya karatasi nyembamba? Zilionekana kutoka viti vya nyuma?