Tupeane uzoefu: siku ya kwanza kuujaza mvinyo wako kwenye chupa, ilikuwaje?

Wakuu, habari za Jumapili. Naanza mimi, maana nikisubiri mwenzangu ajitoe kwanza tutakesha.

Ilikuwa mwezi wa pili, joto la Dar mnalijua. Nilinunua nusu kilo ya choya kavu, yale maua mekundu ya juisi, Kariakoo, sukari kilo 4 na hamira ile ile ya maandazi, nikapata kama lita 18 kwenye ndoo. Siku tatu za kwanza ndoo ilikuwa inachemka yenyewe, ukipita kibarazani unasikia chwi chwi chwi. Siku ya tisa kimya. Nikajisemea, huyu kaiva.

Nikajaza chupa 22. Chupa zenyewe za kuokoteza, nyingine za mvinyo, nyingine za sosi. Vizibo nikavigongea kwa mchi wa kinu, nikazipanga chini ya kitanda cha wageni kwa sababu ndiko kuna giza.

Usiku wa nne, saa nane hivi, pah! Kisha pah nyingine. Sasa wakuu, juu ya kile kitanda alikuwa amelala mama mkwe, amekuja kutoka Tanga kuangalia wajukuu. Alitoka na khanga moja akiita jina la marehemu mumewe. Tunawasha taa, sakafu nyekundu tupu. Choya haina tofauti na damu saa nane ya usiku.

Zilizobaki nilizifungua moja moja huku nimeziviringishia taulo. Mojawapo ilifika darini, na doa lipo mpaka leo. Karibuni, nani mwingine?

Mdau wa Kimara:
Hahaha, pole ya mama mkwe kwanza.

Mkuu, hamira yako haikuwa imemaliza kazi, ilikuwa imechoka. Sukari imebaki, ukaifungia ndani ya chupa, hamira ikapumzika ikaendelea. Kila inapokula sukari inatoa pombe na gesi, na gesi haina pa kutokea. Chupa ya sosi haikuumbwa kwa presha hiyo.

Mimi nilitumia zabibu za Dodoma, jamaa yangu alinibebea kwenye basi. Nilikuwa na haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki: namba ikishuka, sukari imeliwa. Mwanzo ilisoma 1.090, ikashuka taratibu hadi 0.996. Nikapima siku tatu mfululizo, namba haijasogea. Hapo tu ndipo niliamini. Na bado sikujaza: niliuhamishia dumu jingine, nikaujaza karibu na mdomo na kuuacha miezi miwili mashapo yatulie chini.

Siku yenyewe ya kujaza ndiyo sitaisahau. Dumu juu ya meza, chupa sakafuni, mpira mwembamba katikati. Nilikuwa peke yangu na feni nimezima, maana feni inarusha vumbi. Ukitulia unasikia chupa inavyojaa: mwanzo sauti nzito, mvinyo ukipanda shingoni inakuwa nyembamba, nyembamba, basi unabana mpira. Unaacha kama upana wa kidole kati ya mvinyo na kizibo. Kufika chupa ya sita nilikuwa siangalii tena, nasikiliza tu.

Kosa langu lilikuwa mwishoni. Tamaa. Nikainamisha dumu nipate chupa moja zaidi, mashapo yote yakaingia kwenye mpira. Chupa mbili za mwisho zikawa kama togwa.

Mdada wa Mbagala:
Mimi wangu ulikuwa wa mananasi, na haukulipuka. Bora ungelipuka.

Ulipotulia nikauacha ndoo nusu, nimefunika kitambaa, nikasafiri wiki tatu. Narudi nakuta vile vinzi vidogo vya matunda vimefanya kikao juu ya kitambaa. Sikujua kuwa ubaya ni ile nusu ya hewa: vijidudu vya siki vinataka pombe na hewa, na mimi niliviandalia vyote viwili. Nikajaza chupa 11 kwa mbwembwe, lebo nimeandika kwa mkono na tarehe juu. Siku ya kuonja mume wangu alikunja uso, akasema polepole, "Mama, hii ni ya kachumbari."

Ndiyo kazi yake sasa. Chupa mbili ziliishia kwenye achari ya maembe, na kwa kweli ni siki nzuri kuliko ya dukani.

Mdau wa Ubungo:
Mie sina uzoefu. Nimekaa hapa nasubiri kuonjeshwa.

Mdau wa Kinondoni:
Naongeza suala la majirani. Mjumbe alinijia mlangoni kwa sababu mtu kaona madumu na mipira, akadhani napika gongo. Nikamkaribisha ndani akaona mwenyewe hakuna moto wala bomba la kukinga mvuke, ni juisi imekaa na hamira. Akaondoka na chupa moja, lakini wiki nzima mtaa mzima ulikuwa unaniangalia. Kunywa nyumbani ni jambo moja. Ukianza kuuza, hiyo ni habari ya vibali.

Na usafi jamani. Chupa za kununua zimekaa na vitu vya ajabu. Loweka usiku kucha, ingiza brashi, kisha suuza maji ya moto. Ukinusa ukasikia harufu yoyote, rudia.

Mdada wa Mbagala:
Hapo kweli. Halafu kaka mwanzisha uzi, hamira ya maandazi inafanya kazi, ila inaacha harufu ya mkate na mashapo yake hayashikani chini. Ukigusa dumu tu yamepanda. Tafuta ya mvinyo.

Mdau wa Kimara:
Asiye na haidromita afanye hivi: siku ya kujaza, chupa moja iwe ya plastiki, ile ya soda, ikiwa safi. Ifunge, iache pamoja na nyingine na uibonyeze kila siku. Ikiendelea kubonyea, upo salama. Ikiwa ngumu kama jiwe, fungua zote haraka, rudisha kwenye dumu.

Mwanzisha uzi (Tabata):
Mkuu wa Kimara, ubarikiwe. Nilijaza awamu ya pili juzi Alhamisi, na bahati nzuri chupa moja ilikuwa ya plastiki kwa sababu za kioo ziliniishia.

Nimetoka kuibonyeza sasa hivi. Ngumu.

Mama mkwe anakuja tena, kapanda basi asubuhi, yupo Chalinze. Naombeni ruhusa nikafungue chupa.