"Bado anazo kumi na saba!" Yule bwana leo kanivua nguo mbele ya mbuzi

Mtunza Nyumba Paje:

Jamani mie leo sina hali. Naandika mikono inatetemeka na kanzu yangu ya Ijumaa ni buluu kuanzia magotini kwenda chini. Nitasema kwa nini.

Kashata mnamjua, nshawahi kumweka hapa. Kile kijibwa alichoniachia yule mama wa Kitaliana ninayemtunzia nyumba, kilo nne na nusu akiwa kashiba. Wiki nzima anachechemea na kuulamba mguu wa mbele wa kushoto mpaka manyoya yamekuwa rangi ya chai. Jana usiku nikamshika nikammulika tochi. Ule ukucha wa pembeni, wa juu, usiogusa chini, umejikunja kama ndoana ukarudi kuingia nyamani. Pamevimba kama zambarau, usaha unatoka. Mie nimekulia papa mkavu, lakini harufu ile ilinirudisha nyuma.

Asubuhi nikamtia kwenye pakacha, nikamfunika jani la mgomba, nikapanda gari mpaka mjini. Konda kanitoza nauli ya watu wawili, hilo la siku nyengine.

Nikafika kwa yule bwana daktari wa mifugo. Simtaji. Nyote mnamjua, yule wa miwani iliyofungwa uzi, na kiti chake cha plastiki kilichoota mizizi chini ya mwembe. Foleni mbuzi sita, ndama mmoja, na mie. Ilipofika zamu yangu akachungulia pakachani kama mtu anayechungulia kisima. Akachomoa kifuniko cha kalamu, akamgusa Kashata kwa ncha yake. Kifuniko akakitupa. Na kalamu nayo akaitupa, wakati haikugusa kitu! Halafu akaegemea kiti, akanambia kwa sauti ya kusikika mpaka Chumbe:

"Bado anazo kumi na saba."

KUMI NA SABA! Nikamwambia daktari, mnyama anaumwa. Akasema hesabu mwenyewe. Mwenye ndama alicheka mpaka akaachia kamba. Mbuzi mmoja naye alicheka, wallahi nimemuona.

Kisha hapo hapo alipokaa, hajainua hata kisigino, akachukua chupa ya ile dawa ya buluu ya vidonda vya ng'ombe akapuliza kama anafukuza mbu. Pakacha buluu. Kanzu buluu. Kashata kalamba, ulimi buluu. Ukucha haukupata hata tone! Elfu kumi na tano. Na juu yake kanitwika chupa ya sindano ya ng'ombe, mililita mia, ati nikampige mwenyewe nyumbani. Sindano ile kwa kijibwa kile ukiitia kulia inatokea kushoto.

Bado anazo kumi na saba! Yeye akiumwa jino tumwambie bado unayo thelathini na moja?

Pweza Mkavu:

Mtu kapanda gari na mbwa ndani ya pakacha, kamfunika jani la mgomba, halafu analalamika kadharauliwa na mtu mwengine.

Hesabu Fuoni:

Miguu minne, vidole vitano, ni kucha ishirini. Kakudhulumu mbili, mrudie.

Mtunza Nyumba Paje:

Mbele tano tano, nyuma nne nne, jumla kumi na nane, toa ule mbovu, kumi na saba. Nimehesabu njia nzima nikirudi. Na hilo ndilo linaloniuma, hesabu yake iko sawa!

Ustadhi Mtaa wa Pili:

Tuanze na la muhimu. Umeosha najisi ya mbwa mara saba, moja kwa udongo?

Mtunza Nyumba Paje:

Sheikh, kanzu nimeiosha mara tisa. Buluu haijatoka, na udongo sasa umeacha alama yake.

Mama Kuku Wete:

Nyie wa Unguja kazi yenu kucheka tu na mnyama anaoza mguu. Wewe mwenye kijibwa, nisikilize. Chemsha maji, yakiwa vuguvugu tia chumvi, mtumbukize mguu dakika kumi asubuhi na jioni, kisha mkaushe khasa baina ya vidole. Ile ncha iliyozama lazima ikatwe, ila isiwe wewe na mkasi wako wa kukatia karatasi. Ndani ya ukucha mna mshipa. Kwenye ukucha mweupe utauona kwa wekundu wake, kwenye mweusi huuoni mpaka damu iruke. Tafuta daktari anayeshika mbwa, akimuona anaumia amtie ganzi, na antibiotiki ampimie kwa kilo zake, si kwa kilo za ng'ombe. Panadol na diklofenaki zako usimpe kabisa, utamuua. Chukua kindoo cha siagi, toa kitako, mvishe shingoni asilambe. Na akipona, ukucha ule utazame kila mwezi, kwa kuwa haugusi chini hausagiki, unakua tu.

Mtunza Nyumba Paje:

Ahsante Bi Mkubwa. Maji yako jikoni. Lakini kumi na saba, Bi Mkubwa! Kwa uso mkavu!

Punda Hodari:

Wewe una bahati kakuhesabia. Mie nilimpelekea punda kavimba kwato, hakusimama wala hakutazama, akaniuliza "umeshafikiria baskeli?"

Pweza Mkavu:

Hahaaa! Hapo mie nipo na daktari.

Binti Bububu:

Mie nataka kuuliza lile la konda. Nauli ya watu wawili kwa pakacha? Juzi mie nina kuku mmoja mapajani nikalipishwa siti, na kuku hakupewa siti!

Hesabu Fuoni:

Kuku, mbwa, jeneza, wote wanalipishwa. Mimi nililipia mkungu wa ndizi, nikasimama, ndizi zikakaa.

Punda Hodari:

Ndio maana mie nna punda.

Binti Bububu:

Punda mwenye kwato mbovu.

Mama Kuku Wete:

Hivi pakacha lenyewe limetosha mbwa mzima, ni la usukaji gani? Umenunua kiasi gani?

Mtunza Nyumba Paje:

Jamani mbona mnaniacha? Tulikuwa kwenye KUMI NA SABA!

Mama Kuku Wete:

Elfu kumi na saba? Kwa pakacha? Mwanangu umepigwa. Njoo Wete nikusukie kwa elfu mbili, na mfuniko juu.