MJADALA: Bonanza la kijiji libaki Desemba au lihamie Juni?

Mtoa mada, Kirua Vunjo

Ndugu zangu wa Moshi Vijijini, na ninyi nyote mlio na kihamba, yaani shamba la ukoo, katika mlima huu wa Kilimanjaro popote mnapoishi, ninaleta hoja iliyotugawa kijijini kwetu tangu mwezi Januari, nikiamini kwamba vijiji vingi kuanzia Siha hadi Rombo vina mvutano unaofanana na huu. Kila mwaka, kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, tunafanya bonanza: mpira wa miguu, mpira wa pete, kuvuta kamba, mbio za magunia, kufukuza kuku, na jioni muziki. Katika kikao cha tathmini baadhi yetu tulipendekeza bonanza hilo lihamishiwe mwezi Juni, lakini kamati ilikataa, na ndugu zetu walioko mijini walilipokea pendekezo letu kana kwamba tunawafungia mlango. Ninaomba tujadiliane kwa heshima: shughuli ya kijiji ipangwe kwa kalenda ya nani?

Mimi ni mmoja wa waliopendekeza Juni na sijabadili msimamo.

Sibishi kwamba watoto wa mlima huu wametawanyika. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,640,087 katika Mkoa wa Kilimanjaro na ile ya 2022 ikahesabu 1,861,934, yaani ongezeko la asilimia 13 na nusu hivi, wakati nchi nzima iliongezeka kwa takribani asilimia 37, kutoka 44,928,923 hadi 61,741,120. Sababu haiwezi kuwa moja, lakini anayeishi huku anaijua iliyo kubwa: vihamba vimegawanywa baba kwa mwana mpaka havigawanyiki tena, na kijana asiye na pa kupanda mgomba anapanda basi. Desemba ndipo tunapowaona, na tunawaona kwa furaha. Hata hivyo waliobaki nao wanahitaji kucheza, kukutana na kushangilia, na wana miezi kumi na moja ambayo hakuna anayeipangia chochote.

Nieleze nilichokiona Desemba iliyopita. Nilifika kiwanjani saa nne asubuhi. Timu ya walioko mijini ilikuwa na jezi mpya zenye majina mgongoni. Vijana wetu walivaa fulana za rangi tofauti, na watatu kati yao walicheza peku kwa kuwa viatu vilivyoahidiwa havikufika. Hilo halikuniumiza, kwa sababu walikuwa wakiongoza. Kilichoniumiza ni kwamba kabla kipindi cha pili hakijaisha, golikipa wetu aliitwa atoke uwanjani akasaidie kuchoma nyama, kwa kuwa watu walikuwa wamezidi idadi iliyotarajiwa. Alivua glavu, akamkabidhi mdogo wake, akaenda jikoni akiwa bado na matope magotini. Huko jikoni nilimkuta mama mmoja ameinamia sufuria ya machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, nikamwuliza kama atakwenda kuwatazama mabinti kwenye mpira wa pete. Alinijibu kwamba atawasikia.

Bonanza likiisha, kiwanja kinalala. Kwa kuwa ng'ombe wetu hufugwa ndani, majani ya kiwanja hicho hukatwa na kubebwa kichwani kwenda zizini, na hayo ndiyo matumizi yake makubwa kuanzia Januari hadi Novemba. Vijana wanabaki na meza ya pool chini ya bati la duka. Viongozi wanakemea kucheza pool saa za kazi, nami ninawaunga mkono, ila sijasikia wakitaja mahali pengine ambapo kijana huyo aende saa kumi jioni akitoka shamba.

Kwa nini Juni? Masika yameisha, majani ya kiwanja yamejaa, ardhi haijakauka kuwa mawe. Shule zimefungwa. Uvunaji wa kahawa huku kwetu bado haujapamba moto. Baridi ipo, ni kweli, lakini baridi ya mlimani haijawahi kumzuia mtu kukimbia. Isitoshe, angalieni matukio makubwa ya kanda yetu: mbio za Kilimanjaro Marathon, zilizoanza mwaka 2003, hufanyika mjini Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na maonyesho ya Nane Nane ya kanda yapo viwanja vya Themi, Arusha, mwezi Agosti. Yote ni mazuri, na yote yanamtaka mwanakijiji apande gari awafuate wengine. Miaka ya 1950, chini ya Mangi Mkuu, yaani chifu mkuu wao, Thomas Marealle, Wachagga walikuwa na siku yao ya kila mwaka, Siku ya Wachagga, ambayo haikuwa mkia wa sikukuu nyingine. Ninataka na kijiji changu kiwe na siku yake, ambayo mama anatazama mechi na golikipa anamaliza dakika zake.

Mchangiaji, mzaliwa wa Kilema anayeishi Dar es Salaam

Kaka, nimekusoma mara mbili ili nisikujibu kwa hasira. Habari ya golikipa imenigusa, na kama kwetu jambo hilo limewahi kutokea bila mimi kuliona, ninaomba radhi kwa niaba ya wenzangu. Lakini kuna neno umelikwepa hapa ambalo wenzako wanalitamka waziwazi kwenye vikao: kwamba sisi ni wageni. Baba yangu amezikwa ndani ya kihamba, babu yangu pia, na mimi nikifa nitasafirishwa kilomita zaidi ya mia tano nikalazwe kando yao. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa mgeni, hata kama analala kijijini siku kumi tu kwa mwaka.

Nikuulize pia habari ya likizo. Mwajiri wangu anatoa likizo Desemba. Watoto wangu wamezaliwa Kimara, Kichagga hawakijui, na binamu zao waliwafahamu kwa mara ya kwanza kwenye kamba, upande mmoja wa kamba, wakianguka pamoja kwenye tope. Treni ya abiria kutoka Dar ilipoanza tena safari za Moshi Desemba 2019, baada ya kusimama kwa miaka mingi, mimi na wanangu tulikuwa miongoni mwa walioshangilia, maana nauli za mwisho wa mwaka zilikuwa zimetushinda. Watoto wangu hawatapanda treni Juni kuja kufukuza kuku.

Tena tuseme ukweli kuhusu michango. Ng'ombe wa bingwa, jezi, turubai na vyombo vya muziki vinanunuliwa au kukodiwa kwa fedha inayochangwa kwenye kundi la WhatsApp kuanzia Oktoba, na wanaochanga wengi ni walioko nje. Mtu huchangia shughuli atakayohudhuria. Ukiihamishia Juni utabaki na tarehe nzuri na mfuko mtupu.

Mchangiaji, mwalimu mstaafu, Old Moshi

Wanangu, nimewasikiliza wote wawili na nimegundua kwamba mnagombea mwezi, wakati sisi akina mama tatizo letu ni saa.

Desemba nipo jikoni, hilo mtoa mada amelisema vizuri na ninamshukuru. Lakini Juni kuna maharage ya kung'oa na kupiga, na anayeyapiga si kamati. Mkitaka kunipa mapumziko, nipeni Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili, mara mbili kwa mwezi, na mtu mwingine akate majani ya ng'ombe siku hiyo.

Nawaambia pia kwamba si kweli kuwa kijiji hakina burudani mpaka vijana wa mpira waipange. Njooni kanisani ibada inapotoka, mkae kwenye mnada. Mkungu wa ndizi unainuliwa, mtu anataja bei, mwenzake anaongeza, mzee anaununua kisha anaurudisha unadiwe tena, na mkungu ule ule unaweza kuuzwa mara nne huku watu wakicheka na kupiga makofi. Fedha inakwenda kwenye ujenzi, na aliyeupata mwisho anaubeba nyumbani kama kombe. Kuna mazoezi ya kwaya katikati ya wiki, ambayo kwangu ni dawa. Majirani zetu Waislamu wana Maulidi yao, ambayo hufuata mwezi na kila mwaka huangukia tarehe tofauti, na pilau la pale tunakula wote. Hizo ndizo shughuli zilizodumu, na zimedumu kwa sababu anayezipanga anaishi hapa na anajua ni siku gani watu wana nafasi.

Kuhusu mpira wa pete: mabinti wa kwetu wanacheza kwa kulenga ndoo iliyofungwa kwenye mti. Nguzo mbili na pete mbili za chuma, fundi anazimaliza kwa siku moja. Miaka yote hii tumenunua ng'ombe, nguzo hatujanunua.

Mtoa mada

Ninaanza na ndugu yangu wa Kilema. Umesema kweli kuhusu neno lile. Nililisikia kwenye vikao, sikulikemea, na nilipaswa kulikemea. Mwenye kaburi la baba yake kihambani ni mwenyeji, na sitaruhusu mtu aseme vinginevyo nikiwa nimekaa hapo.

Pamoja na hayo, uenyeji ni jambo moja, na kuamua matumizi ya kiwanja ni jambo jingine. Kiwanja chetu ni ardhi ya pamoja ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaiweka ardhi hiyo chini ya halmashauri ya kijiji inayoisimamia kwa niaba ya wanakijiji. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa mujibu wa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, ni wa wakazi wote waliofikisha umri wa miaka 18. Sheria inasema wakazi. Kamati yetu ya bonanza haikuchaguliwa na mkutano huo. Iliundwa ndani ya kundi la WhatsApp, ikapanga tarehe, ikagawa maeneo ya vibanda vya kuuzia vinywaji kuzunguka kiwanja, na halmashauri ya kijiji ikaarifiwa baadaye. Wala siwatuhumu kwamba wamekula fedha. Ninachosema ni kwamba uamuzi ulipita mahali ambapo golikipa yule hana simu ya kuingilia.

Kuhusu michango, hoja yako ina uzito na sina jibu jepesi. Lakini tazama fedha hiyo inakwenda wapi. Turubai, muziki, ng'ombe na jezi ni gharama za siku moja kubwa yenye watu wengi. Ligi ndogo ya vitongoji inayochezwa Jumapili mbili kwa mwezi inahitaji mipira, nyavu, filimbi na mtu wa kupiga chokaa mistari, na hayo wakazi tunaweza kuyamudu kwa michango yetu wenyewe kama tunavyomudu ya misiba. Kwa hiyo sitakuomba uchangie Juni usipokuwepo. Nitakuomba kitu kidogo zaidi: sehemu ya mchango wako wa Desemba inunue vitu vinavyobaki kiwanjani wewe ukiondoka.

Mwalimu, umenirekebisha, na ninakubali. Nilifikiri Juni ni mwezi mtupu kwa sababu mimi sipigi maharage. Hoja yako ya mnada ndiyo iliyonifanya niandike upya pendekezo langu usiku huu, maana nilikuwa nikitaka kuhamisha siku moja kubwa kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine, na kasoro zake zote zingehama nayo.

Hivyo pendekezo ninalolipeleka kwenye mkutano mkuu ujao, ambao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu, ni hili. Ligi ya vitongoji, ya mpira wa miguu na wa pete, ianze Jumapili ya kwanza baada ya masika, kuanzia saa nane na nusu mchana. Kombe na zawadi ya kijiji vishindaniwe humo, na fainali iwe kabla ya kahawa kukolea. Desemba ibaki siku ya ukoo na ukoo, kamba na magunia na kuku, bila kombe, na wanaotoka mijini wapike zamu moja ili wanaopika kila mwaka wakae kwenye benchi. Vibanda vya vinywaji vipangwe na halmashauri ya kijiji, na ushuru wake usomwe mbele ya mkutano. Fedha ya kwanza kabisa, kabla ya jezi na kabla ya ng'ombe, iwe ya nguzo mbili na pete mbili.

Ninajua kamati itasema hili linawagawa watu. Ndiyo maana ninauliza waliojaribu. Kama kuna kijiji cha Kibosho, Uru, Machame au Rombo ambacho kinaendesha ligi yake nje ya Desemba, nielezeni mnafanyaje wakati wa kahawa, nani anatunza mipira, na mabinti wanacheza saa ngapi. Mkutano wetu haujatangazwa bado, kwa hiyo muda wa kurekebisha pendekezo hili upo.