Niache usukani wa rali niwe mkaguzi wa magari? Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Niko hapa Jinja. Rali iliniingia damuni mwaka 1999, Charles Muhangi alipotwaa ubingwa wa Afrika. Nilianza kama msoma ramani wa kaka yangu, baadaye nikashika usukani mwenyewe, hadi Pearl of Africa, rali kubwa ya hapa Uganda. Sasa mgongo unagoma, na turbo moja inameza karo ya watoto.

Klabu imeniomba niwe mkaguzi: kuchungulia kama vyuma vya kinga vimechomelewa sawasawa, kusoma mwaka wa mwisho kwenye lebo ya mikanda, kugeuza helmeti kutafuta nyufa. Wanataka pia nifundishe vijana mambo ya kadi ya muda, ile ya kuandikiwa saa unayofika kila kituo cha rali. Wengi hawajui kwamba ukichelewa kituoni dakika moja unaongezewa sekunde 10, lakini ukiwahi dakika moja unapigwa dakika nzima! Wanakanyaga mafuta halafu wanalia.

Kazi naipenda, ingawa malipo ni chakula cha mchana na mafuta ya gari. Shida ni mpwa wangu. Naye anashindana, na ndiye anayetaka kununua gari langu kwa mafungu. Siku nikimwambia mikanda imeisha muda, si dada yangu ataninunia? Na nikimpitisha, wenzake watasemaje?

Mke wangu anasema niuze gari kwa mtu baki, yaishe. Waliowahi kuvuka kutoka usukani kwenda usimamizi, ya ndugu mliyamalizaje? Na je, niombe nisilikague gari lake kabisa?