Naomba ushauri: mdogo wangu ameachwa tumbo wazi baada ya operesheni

Wakuu habari za saa hizi, mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda wiki iliyopita, aligongwa na fuso, ini likapasuka na utumbo ukatoboka sehemu mbili. Wakamwingiza tieta usiku uleule, asubuhi naenda kumuona ICU nakuta tumbo halijafungwa!! Wameshonea mfuko wa dripu uliokatwa ukakunjuliwa, na utumbo unauona kabisa kwa ndani ukicheza. Niliishiwa nguvu.

Dokta akasema utumbo umevimba sana, wakilazimisha kufunga presha ya ndani ya tumbo itapanda ibane mapafu na figo zigome, na lazima warudi kusafisha baada ya masaa 48. Nimegugo nikakuta ni kitu cha kweli, kilianzia Bogota kule Colombia mwaka 1984 na dokta Oswaldo Borráez, kwahiyo hapo nikatulia kidogo (mama bado, anasema wamemchoka mtoto wake wanataka afe).

Sasa leo siku ya sita, wamerudi tieta mara mbili na bado hawajafunga, mashuka yanalowa maji ya njano kila baada ya masaa machache. Wanasema ikishindikana watabandika ngozi ya paja juu ya utumbo, halafu henia (ngiri) itakayobaki itashonwa baada ya miezi.

Kuna aliyeuguza mgonjwa wa hivi? Alikaa siku ngapi mpaka kufungwa? Na yale maji nitajuaje kama ni utumbo unavuja? Mama anataka tumhamishe kesho, mimi naogopa barabara.