Mrejesho: mwanangu wa siko seli na uboho wa baba yake

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mtakumbuka niliuliza kutoka Wete: mwanangu ana siko seli, nduguze wawili vipimo havikuoana naye, je, baba anayelingana naye nusu tu anaweza kumtolea uboho, yaani ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu?

Alhamdulillah, tumefanya, India. Daktari alinifahamisha kuwa alama za chembe za mwili, zile zinazopimwa kujua nani analingana na nani, mtoto hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo mzazi hakosi kulingana nusu. Ndugu wa tumbo moja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kamili. Baba yake akatiwa nusukaputi, uboho ukavutwa kwa sindano mfupa wa nyonga. Ulipoletwa nilidhani ni mfuko wa damu tu. Ukaingia kwa mpira wa kifuani, taratibu, mtoto kalala.

Siku ya 3 na ya 4 baada ya kutiwa uboho akapewa dawa ya saiklofosfamaidi, inayoua zile chembe za mtoaji zinazotaka kuushambulia mwili wa mgonjwa. Bila ya kinga kama hiyo, uboho unaolingana nusu ni hatari. Nywele zilitoka zote, mdomo vidonda, hata mate hayamezeki. Siku ya 19 chembe nyeupe za damu zikapanda, ndiyo ishara ya uboho kushika. Akaniomba urojo, nikalia.

Bado anakunywa dawa za kushusha kinga, Pemba hatujarudi. Tuombeeni dua.